Semina ya kimataifa ya mpango mkakati: mambo ya kujua kabla hujaenda

Nafanya kazi katika shirika dogo lisilo la kiserikali wilayani Chamwino. Vijiji vyetu vingine viko upande wa Bahi. Tulianza na maji, tukaongeza vikundi vya kuweka na kukopa, ikaja alizeti, ikaja lishe ya watoto, yakaja mazingira, na kila mfadhili aliyebisha hodi na la kwake tulimpokea. Mfadhili mkubwa alipositisha fedha katikati ya mwaka, bodi ilikaa na kutoa agizo moja: mpango mkakati mpya uandikwe, tena na wafanyakazi wenyewe, si mshauri wa kulipwa. Nikateuliwa mimi kwenda kujifunza namna ya kuuandika.

Semina niliyoipata ilikuwa ya kimataifa, ya wiki mbili, mwezi Mei, hapa hapa Dodoma mjini. Washiriki walitoka Uganda, Malawi, Zambia, Namibia, Msumbiji na Nepal. Wakufunzi walikuwa wawili, Mkenya na Mholanzi. Tangu nirudi, wenzangu wa mashirika mengine ya kanda hii wananipigia kuuliza kama inafaa kwenda. Nawajibu kwamba inafaa, tena sana, ila faida yake inategemea mambo ambayo hayamo kwenye tangazo.

Kwanza fedha, maana hapo ndipo wengi tunapoumia. Ada ilitajwa kwa dola. Mhasibu wetu alituma kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye ankara, benki ikakata makato yake, na benki nyingine ya katikati nayo ikakata chake njiani. Asubuhi ya usajili nikaambiwa ada haijatimia. Dada mmoja kutoka Malawi naye yalimkuta hayo hayo. Tulisimama pembeni ya meza tukipiga simu ofisini huku wenzetu wakivaa vitambulisho na kuingia ukumbini. Inaumiza kuanza hivyo mbele ya wageni. Ukilipa ada ya nje, mwambie ofisa wa benki kwamba makato yote yabebwe na mtumaji, kisha chapisha uthibitisho wa malipo uende nao mkononi.

Halafu soma barua ya mwaliko mpaka nukta ya mwisho. Ya kwetu ilisema ada inagharamia mafunzo, vitabu, chai na chakula cha mchana. Malazi hayamo, chakula cha jioni hakimo, nauli haimo. Posho haimo kabisa. Nalisema hili la posho bila kuzunguka kwa sababu wapo wenzetu wa hapa nchini waliokuja wakitarajia bahasha kama zile za warsha za wafadhili, na walipogundua haipo, mioyo yao iliondoka ukumbini hata kama miili ilibaki. Mmoja alirudi kazini kwake wiki ya kwanza haijaisha. Kama nyumbani kwako bajeti ya mwezi inategemea posho za safari, na wengi wetu ndivyo tulivyo, zungumza na mwajiri wako kabla. Shirika letu lilikuwa limefilisika nusu, likaweza kunipa nauli ya bajaji na hela ya chakula cha jioni tu. Wiki mbili hizo nililala kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma mjini, na mwanangu akabaki Chamwino na bibi yake.

Kwa watakaotoka mbali: Mei ni katikati ya Bunge la Bajeti, ambalo huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni. Msimu huo vyumba vya Dodoma hujaa na bei hupanda. Washiriki waliotoka nje wengi walitua Dar es Salaam wakaja na treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, wakashukia stesheni ya Mkonze bila tabu yoyote. Tabu ilianza kwenye malazi. Waliochelewa kuweka nafasi walijikuta Ihumwa ilhali ukumbi uko katikati ya mji, wanaamka alfajiri kutafuta usafiri na jioni wanarudi na kazi ya kikundi haijaisha. Weka chumba mara tu unapothibitishiwa nafasi, na uliza umbali wake hadi ukumbini kwa mtu anayeijua Dodoma, usiiamini picha ya kwenye simu.

Hayo ndiyo ya nje. Sasa ya ndani.

Wiki kadhaa kabla ya kuanza, waandaaji walituandikia tuje na vitu vitatu: mpango mkakati wetu wa sasa, hesabu za miaka mitatu, na orodha ya shughuli zote zikiwa na gharama zake. Najua washiriki wengi walikuja na kile cha kwanza tu, maana ndicho kilichokuwa tayari kwenye kompyuta. Mimi niliokolewa na mhasibu wetu. Ni mzee wa makamo, mtaratibu, haongei sana. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie, nataka kujua kila shughuli yetu inakula kiasi gani." Akaitikia marahaba, akavua miwani, akaniambia, "Binti yangu, mipango si matumizi. Unataka nikuonyeshe kilichopangwa au kilichotumika?"

Tulikaa ofisini hadi usiku tukizipanga risiti upya, si kwa majina ya wafadhili kama zilivyokuwa bali kwa shughuli. Ndipo nilipoona kwamba mafuta na matengenezo ya gari yalikuwa yanakula fedha nyingi kuliko shughuli yoyote, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikwenda kwenye visima vya vijiji vya mbali vya Bahi. Hakuna ripoti yetu hata moja iliyowahi kulionyesha jambo hilo, kwa sababu kila mfadhili alipewa kipande chake cha mafuta na kila kipande kilionekana kidogo. Karatasi zile za mhasibu ndizo zilizonifanya nipate kitu kwenye semina. Bila hizo ningerudi na cheti na picha ya pamoja.

Siku za mwanzo zilinichosha. Lugha ya semina ilikuwa Kiingereza, na kuna Kiingereza cha kuandikia ripoti na kuna Kiingereza cha kubishana mbele ya watu wanaokizungumza tangu utotoni. Cha pili sikuwa nacho. Nilikaa kimya nikijua ninachotaka kusema, na mjadala ukahamia kwingine kabla sijapanga sentensi. Kilichonisaidia ni kuomba mada za kesho yake jioni ya leo, nikazisoma nyumbani kwa dada na kuandika maswali yangu kabla. Madokezo yangu yote niliyaandika kwa Kiswahili. Na wakati wa chai nilimfuata yule mkufunzi Mkenya tukazungumza Kiswahili, naye akawa anasema ukumbini, "Mwenzetu wa Dodoma ana hoja," kisha ananiachia nafasi. Kwa kweli namshukuru. Usione haya kumfuata mkufunzi, ndiyo kazi yake.

Sehemu ya dira na dhima naipita haraka. Tulitumia muda mwingi mno kung'arisha sentensi ambazo kesho yake hakuna aliyezikumbuka. Uchambuzi wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho nao tulikuwa tumeshaufanya mara nyingi huko tulikotoka, na kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ule utaratibu ambao halmashauri zetu hutumia kuibua miradi, hakuna jipya kubwa pale. Nadhani waandaaji wangepunguza hapo.

Jambo lililonigeuza lilikuja siku ya tatu, nalo lilikuwa swali. Yule Mholanzi alisimama akauliza kila shirika: mwaka jana mlikataa nini? Mlipewa nafasi gani, fedha gani, mradi gani, mkasema hapana kwa sababu haukuwa kwenye mpango wenu? Ukumbi ukanyamaza. Mganda mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu. Sisi wengine wote tulikuwa na mipango minene yenye jedwali na rangi, na hakuna hata mmoja wetu ambaye mpango wake uliwahi kumzuia kufanya lolote. Mkufunzi akasema basi hiyo si mikakati, ni orodha ya mnayoyatamani.

Baada ya hapo akatugawia kadi za rangi. Kila lengo la shirika lako liandike kwenye kadi moja, ubandike ukutani. Zangu zilikuwa tisa. Kisha kazi ikawa kubandua mpaka zibaki tatu, na kwa kila unayobandua umweleze jirani yako, kwa sauti, nani ataumia. Jirani yangu alikuwa yule dada wa Malawi. Nilibandua mazingira, nikabandua mafunzo ya uongozi, hizo hazikuniuma. Nilipofika kwenye alizeti nilisita, nikakumbuka jinsi bei ilivyoanguka mwaka 2023 na wakulima wetu wengi wakaurudia mtama, nikaibandua. Kadi ya maji niliishika ukingo nikaiacha, nikaishika tena nikaiacha. Gundi yake ilikuwa imeanza kuchoka na kona moja imejikunja. Maji ndiyo yaliyolianzisha shirika. Dada yule hakusema neno, alizichukua karatasi za mhasibu mezani akaniwekea mbele ya macho.

Niliibandua. Nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Jumamosi walitupeleka Kongwa, na kama kuna siku moja iliyolipa ada yote ni hiyo. Tulishika barabara ya Morogoro, tukaiacha pale Mbande. Wengi wetu wa Dodoma tunaipita Kongwa tukienda Kibaigwa kwenye mahindi, wala hatukumbuki kwamba ardhi ile ilibeba mmoja wa mipango mikubwa kabisa iliyowahi kuandikwa kwa ajili ya Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, nao baada ya wiki chache za kuzunguka wakarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta na mabuldoza, mengine mabaki ya vita, vikaletwa hata vifaru vilivyobadilishwa kuwa vya kung'olea visiki. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Mzee mmoja wa pale, mkulima, ndiye aliyetueleza kwa nini, na alieleza kwa jembe. Tulimwamkia, akaitikia, akatupeleka pembeni ya shamba lake la mtama uliokuwa unakaribia kuvunwa. Mvua zilikuwa zimekatika Aprili. Akainua jembe akalishusha kwa nguvu zake zote, likagonga na kurudi juu, ardhini pakabaki alama ndogo tu nyeupe. Akaomba chupa ya maji ya mmoja wetu, akamimina pale pale, akasubiri huku akituuliza habari za kwetu, kisha akashusha jembe tena. Lilizama. "Udongo huu unafunguliwa na mvua," akasema, "na mvua yetu haina mkataba na mtu." Karanga hukomaa chini ya udongo. Hata ukibahatika zikaota na kuzaa, usipozing'oa kabla ardhi haijafunga, hupati kitu. Wagogo waliokuwa pale walilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Kile walichochagua kulima kilikuwa taarifa tosha kwa mtu anayetaka kujua mvua ya pale ikoje, kama angekaa kuuliza.

Mnepali mmoja, mhandisi, alichukua donge la udongo ule akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Alisema kwao nako kuna mipango iliyoandikwa kutoka mbali.

Mwenzetu wa Namibia yeye alikuwa anaijua Kongwa kabla hajafika. Kuanzia mwaka 1964 pale palikuwa na kambi ya wapigania uhuru, SWAPO ya Namibia wakiwemo, pamoja na FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na wengineo, na kambi ilianzia kwenye mabaki ya ule mpango wa karanga. Baba yake mkubwa alipita pale. Alipoonyeshwa eneo alisimama peke yake muda mrefu, na yule wa Msumbiji akamfuata. Sisi wengine tulingojea kwenye basi bila kuharakisha. Niliona fahari kuwa Mtanzania siku hiyo.

Jumatatu tulirudi ukumbini na somo likawa lile jedwali la mantiki ambalo wafadhili hutudai, lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani. Wengi wetu tunajaza safu tatu za kwanza kwa bidii: malengo, viashiria, namna ya kuthibitisha. Safu ya nne, ya dhana, yaani yale ambayo mpango unayachukulia kuwa yatakuwepo bila wewe kuyasimamia, tunaijaza mwishoni usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha: hali ya hewa itakuwa nzuri, jamii itashiriki. Baada ya Kongwa hakuna aliyethubutu kuandika hivyo. Pauni milioni 36 zilizama kwenye safu ya nne. Wataalamu walichukulia kwamba mvua itatosha na udongo utalimika, na takwimu za uwanjani zilipoanza kusema vinginevyo, waliendelea kuleta matrekta.

Tukaambiwa kila dhana tuipe mambo matatu: nani anajua ukweli wake leo, tutajuaje ikianza kuharibika, na ikiharibika tutaacha nini. Nilichukua vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Mpango wa zamani ulidhani mwanachama atarejesha kila mwezi. Fedha ya mkulima wa Bahi huja kwa msimu, baada ya mavuno, si kwa mwezi. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kikundi kimoja wakati wa chakula cha mchana, akanijibu hapo hapo: wanachama wake huwa wanakopa kwingine ili walipe rejesho letu la Januari na Februari, miezi ya njaa. Tulikuwa tunaliandika kwenye ripoti kama urejeshaji mzuri. Simu ile ilikuwa ya dakika chache tu, na imebadilisha ratiba yote ya marejesho. Ukienda semina ya namna hii, nenda na namba za simu za watu unaowahudumia. Ukumbi mzima una wataalamu, ila hakuna anayeijua Februari ya Bahi.

Mganda aliuliza siku hiyo kuhusu mji wenyewe tuliokuwa tumeketi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya kuujenga mji, na mpango kabambe wa mwaka 1976 ukachorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Ilikusudiwa kazi iishe ndani ya miaka kumi. Ikaja vita ya Kagera, ukaja uchumi mgumu wa miaka ile, na serikali haikuhamia kwa kishindo hadi baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016. Tulibishana sana kama huo ni mpango ulioshindwa au uliosubiri. Mimi nilisema ulisubiri, na bado nasema hivyo: uamuzi haukufutwa, mitaa ilichorwa, viwanja vilipimwa, Bunge likatangulia. Kongwa ilikosea ardhi. Dodoma ilikosa fedha na wakati. Ni vitu viwili tofauti, na anayeandika mpango inampasa ajue shirika lake linaugua upi.

Wiki ya pili ilikuwa nzito kwa namna nyingine. Ofisini walinipigia kila siku. Mwanangu alipata homa, nikaondoka mchana mmoja kwenda Chamwino na kurudi usiku ule ule. Kama unaweza, ofisi ikubali kabla kwamba ukiwa huko uko huko, na majukumu yako ashike mtu anayejulikana kwa jina.

Nilirudi na kurasa nne. Mkurugenzi wetu, mama ambaye sote tunamheshimu kwa sababu alilianzisha shirika kwa akiba yake, alizisoma mbele yangu. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba tunaacha maji, alizifunika kwa kiganja. Alikaa kimya. Akaniuliza kama najua kisima cha kwanza alikichimba wapi. Najua, nikamjibu. Sikumpa hotuba ya semina, nilimpa karatasi za mhasibu. Tukaongea pia habari ya sheria: tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji vijijini yana mwenyewe, RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyosimamia miradi na kukusanya fedha za wateja. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunatengeneza pampu ambazo zina chombo chake kisheria, na kwa kufanya hivyo tulikichelewesha chombo hicho kusimama. Bodi ilijadili vikao viwili. Ikapitisha. Tukabaki na lishe, vikundi, na mafunzo ya kuhifadhi nafaka.

Kwenda kuwaambia wenye vijiji ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na hakuna somo la semina lililonitayarisha. Tuliomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Bahi. Tukasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, wakatuitikia vizuri, mwenyekiti akatukaribisha kwa maneno mazuri akidhani tumeleta mradi. Nilipomaliza kueleza, mama mmoja alisimama na mtoto mgongoni. Alisema, "Mlipokuja mlitukalisha hapa chini ya mti huu mkatuuliza tunataka nini. Leo mnaondoka, mbona hamkutuuliza?" Watu wakaguna. Hakuna jibu la kitaalamu kwa swali hilo, wala sikujaribu kulitafuta.

Tulichofanya ni kubadilisha ratiba pale pale. Badala ya kuondoka mwisho wa robo ile, tulikubaliana tubaki hadi mwisho wa mwaka wa fedha, tuwakutanishe na ofisi ya RUWASA ya wilaya, fundi wa kijiji afundishwe kuitengeneza ile pampu hadi aimudu, na vipuri vilivyokuwa stoo kwetu wakabidhiwe kwa maandishi. Yote hayo yana gharama, na hayakuwamo kwenye zile kurasa nne. Kwa hiyo namwambia kila anayerudi na mpango wa kuacha jambo: weka bajeti ya kuacha. Kuondoka vizuri kunakula mafuta, vikao na muda wa watu kama kuanza kunavyokula. Na waulize wanaohusika kabla bodi haijapitisha, hata kama unajua watakataa. Wakikataa watakuambia pia nini kitaharibika, na hiyo ndiyo safu yako ya nne.

Pia angalia kalenda ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mambo huibuliwa vijijini na kupita kwenye kata miezi mingi kabla, hadi yafike Baraza la Madiwani. Sisi tulikwenda RUWASA na halmashauri wakati bajeti zao zimeshafungwa, wakatupokea kwa wema lakini hawakuwa na pa kutuweka. Ukichagua semina, chagua ile itakayokurudisha kazini kabla ya Novemba, ili unachotaka kukabidhi kwa serikali kiingie kwenye bajeti inayofuata.

Kurasa zile nne sasa ziko ukutani ofisini, na kila robo mwaka tunakaa nazo, dhana moja baada ya nyingine. Mti wa mtama unaponyauka mapema, au mwenyekiti wa kikundi anapopiga simu, tunaandika pale pale kwa kalamu. Lishe inakwenda vizuri. Vikundi viwili vimevunjika tangu tubadilishe marejesho, vingine vimetulia. Pampu ya kile kijiji iliharibika mara moja na fundi wao akaitengeneza, ingawa ilichukua wiki nzima na akina mama walirudi kuchota mtoni kwenye madimbwi ya mchanga, na walinipigia kunieleza hivyo bila kunificha hasira yao.

Tangazo la semina ya mwaka huu likitoka, shirika litaomba nafasi moja tena. Tumeshakubaliana aende mhasibu.